Amplifaya ya Matundu Mawili

Barua ya tatu ililetwa Jumanne, ikasukumwa chini ya mlango kama zile mbili za kwanza. Watu wa usimamizi wa jumba lile hawakuwa na tabia ya kugonga. Anayegonga hulazimika kuonyesha uso. Tauno Kivelä aliiokota, akaisoma akiwa amesimama palepale kizingitini, akatoa pumzi ndefu kwa pua.

"Nisomee na mimi," alisema mkewe, Irja, aliyekuwa akikanda mkate wa hiliki mezani. "Mikono yangu imejaa unga."

"Wanasema jirani amelalamika tena. Muziki ukisikika mara nyingine, tunafungasha virago."

"Jirani yupi?"

"Hawasemi. Wamesema lini, hawa? Wao kazi yao ni kutia sahihi tu."

Sasa, muziki wenyewe haukuwa wa ulevi wala wa fujo. Kila Jumamosi saa kumi na moja jioni, baada ya kuoga mvuke kwenye sauna ya chini ya jumba, Tauno na Irja walikuwa wakisukuma meza hadi ukutani, wakavaa soksi za sufu, wakacheza tango. Si ile tango ya watu wa kujitupatupa na waridi mdomoni. Ni tango ya Kifini, waliyokuja nayo wazazi wao Thunder Bay, Kanada, pamoja na masanduku ya mbao: muziki wa huzuni tupu, na wachezaji wanaoufurahia kama wali wa sikukuu. Walikuwa wameicheza kwenye ukumbi wa Wafini miaka arobaini na mmoja, mpaka wanakamati wakakaa, wakapiga kura wao kwa wao, wakauza ukumbi. Hakuna mchezaji aliyeulizwa. Ndipo wao wawili wakahamishia dansi sebuleni.

Na tatizo la sebuleni lilikuwa masikio ya Tauno. Miaka thelathini na mitatu alisimama kando ya mashine ya karatasi inayonguruma kama treni isiyofika. Vizibo vya masikio vililetwa kiwandani mwaka wa mwisho, vikafungiwa kwenye kabati la msimamizi ili visiibiwe. Kwa hiyo muziki ambao Irja aliusikia vizuri, Tauno aliusikia kama uvumi. Aliongeza sauti. Akiongeza sauti, barua zinakuja.

Baada ya barua ya pili aliuza spika zake kwa bwana mmoja wa Kenora, akalia kidogo akizibeba kwenye theluji, kisha akanunua hedifoni; barua ya tatu ikaja hata hivyo. Na si hedifoni za kubahatisha. Zilikuwa za fundi wa kurekodi muziki aliyestaafu, kubwa, zenye mahameli pembeni, vitu vya mtu anayejua. Alizipata kwa dola mia mbili, nusu ya nusu ya bei yake. Akazichomeka kwenye mashine yake ya sidii, akabonyeza, akasubiri.

"Vipi?" aliuliza Irja.

"Mbu," alisema Tauno. "Mbu ndani ya chupa."

Aliuliza kwenye duka la vifaa vya muziki. Akaambiwa hedifoni zile ni nzito kusukuma, zinataka omu mia tatu za nini sijui, kwa hiyo zinahitaji amplifaya yake maalumu, na amplifaya nzuri huanzia dola mia nane. Tauno alikuwa na mia na arobaini zilizobaki kwenye spika. Akarudi nyumbani akiwatukana wenye maduka, wenye viwanda na wenye majumba, kwa zamu, kutoka kituo cha basi hadi ghorofa ya tatu.

Irja ndiye aliyeona tangazo kwenye ubao wa maktaba. Akalibandua, akaja nalo mfukoni, jambo lisiloruhusiwa. Liliandikwa: mkutano wa wapenzi wa hedifoni, Jumamosi saa nne asubuhi, chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri, njoo na hedifoni zako, njoo na amplifaya yako, kahawa ipo.

"Nenda," alisema. "Jumamosi hii inatimia miezi miwili hatujacheza. Miguu yangu imeanza kusahau."

"Nikipata amplifaya, tutacheza."

"Tutacheza nani na nani? Hedifoni ni moja, mzee wangu. Vichwa ni viwili."

"Basi tutapokezana."

Irja aliweka chini kikombe chake. "Tango gani hiyo inayochezwa kwa kupokezana? Wewe ucheze, mimi nikushike tu kama nguo kwenye kamba?"

Tauno aliokota tangazo, akalisoma upya. Kichwani mwake tayari alikuwa akipigana na bei ya amplifaya, na Tauno hakuwahi kuweza kupigana vita viwili kwa siku moja.

*

Jumamosi aliingia chumba cha chini cha kanisa, akadhani amekosea akaingia kwenye matanga. Watu saba au wanane walikaa kwenye meza ndefu, macho wamefumba, hakuna anayesema neno. Mmoja alikuwa anatikisa kichwa polepole. Mwingine machozi yanamtoka. Kila mmoja ana hedifoni, na mbele yake kisanduku, na juu ya kisanduku kitufe cha kuzungusha. Kimya kile kingemtisha hata mchungaji.

Mama mmoja mfupi mwenye nywele nyeupe zilizokatwa kiume aliinuka akamjia. "Karibu! Mimi ni Fern. Nilikuwa fundi wa kituo cha redio mpaka walipoona kompyuta inatosha."

"Tauno. Kiwanda cha karatasi, mpaka walipoona hakuna anayetosha."

Fern alicheka, akamshika mkono kama ndugu wa siku nyingi. "Twende ukasikie. Chukua andazi." Maandazi yalikuwa yale makubwa ya mjini, yenye sukari ya pinki juu, na Tauno alichukua mawili, maana alikuwa amelipia basi.

Meza ya kwanza ilikuwa ya daktari wa meno, Graham Ellery, mtu mrefu mwenye sweta la bei. Amplifaya yake ilikuwa na taa nne za kioo zinazowaka rangi ya chungwa, na upande wa nyuma ilikuwa na joto la kukaushia soksi.

"Elfu mbili na mia sita," alisema Ellery kabla hajaulizwa. "Imetengenezwa kwa mkono. Kaa, bwana. Hedifoni zako ni nzuri sana, zinastahili kitu hiki."

Tauno aliinyanyua plagi yake akaenda moja kwa moja kwenye tundu. Watu watatu walipiga kelele kwa pamoja, hata wale waliokuwa wamefumba macho.

"Sifuri kwanza!" Fern alimshika kiwiko. "Hapa kwetu, ukikaa kwenye meza ya mtu, unarudisha kitufe sifuri ndipo unachomeka. Mwenzako alikuwa na hedifoni ngumu kusukuma, amekizungusha mpaka mwisho. Wewe ukichomeka hivyo hivyo, unatoka hapa ukiwa kiziwi."

"Nimeshakuwa."

"Basi utatoka kiziwi mara mbili."

Tauno alirudisha sifuri, akachomeka, akaweka sidii yake ya tango kwenye mashine, akazungusha kitufe taratibu. Halafu kiasi. Halafu sana. Akodioni ikaingia upande wa kushoto, fidla upande wa kulia, na katikati akasimama mwimbaji, karibu kiasi cha kumwagia mate. Tauno alisahau kula andazi. Alimsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti wa pili. Miaka arobaini alicheza wimbo ule, hakuwahi kujua kwamba yule mtu alikuwa akipumua.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti ya mtu mwenye hedifoni, yaani sauti ya kusikika barabarani. "Anapumua!"

Chumba kizima kilicheka.

Meza ya pili ilikuwa ya Fern mwenyewe. Amplifaya yake ilikuwa kisanduku cheusi, saizi ya sabuni ya kufulia, na angemuuzia kwa dola tisini na tano kwa kuwa alikuwa na nyingine. Tauno alirudisha sifuri kwa adabu zote, akachomeka, akazungusha, akasikiliza wimbo uleule. Uso ukamshuka.

"Unaonaje?" aliuliza Fern.

"Nisikudanganye, dada. Ni nzuri. Lakini kule mtu alikuwa yuko chumbani. Hapa yuko kwa jirani."

Ellery alijinyoosha sweta. "Masikio hayadanganyi," alisema kwa upole, na upole wa mwenye elfu mbili na mia sita unauma kuliko tusi.

Moyo wa Tauno ulianguka. Alijua hadithi hii. Ni ileile ya kila mahali: kilicho kizuri kimewekwa ghorofa ya juu, na ngazi wamepewa wengine. Alianza kukunja waya wake. Angemwambia nini Irja? Kwamba muziki upo, ameusikia, uko kwa daktari wa meno?

"Hebu ngoja kwanza," alisema Fern. "Kule ulizungusha kiasi gani?"

"Kiasi changu."

"Na hapa?"

"Kiasi changu vilevile."

"Kwa macho au kwa kipimo?"

"Kipimo gani?"

Watu wawili waliokuwa jirani walivua hedifoni na kusogeza viti, kama watu wanaojua sinema nzuri inaanza. Fern alitoa mfukoni kipimo cha umeme, kile cha mafundi chenye waya mwekundu na mweusi.

"Sikiliza nikuambie siri inayowafilisi watu wetu," alisema. "Sikio halijui kutofautisha kizuri na kikubwa. Ukiongeza sauti kidogo tu, kidogo usichoweza hata kukitambua kuwa ni kikubwa, sikio linasema: aa, hii ndiyo tamu. Wenye maduka wanalijua hilo. Wanaitega ile ya bei iwe juu kidogo, wewe unatoa pochi."

"Wanajua?" Tauno aliinuka. "Wanajua na wanafanya?"

"Kaa chini, mzee, hatuendi kuchoma duka leo. Graham, lete mashine yako."

Ellery alileta, kwa fahari, akiibeba kama mtoto wa ubatizo. Fern aliziweka mbili pamoja, akapiga mlio mmoja mrefu, akapima hii, akapima ile, akagusa kitufe cha sabuni yake juu kidogo mpaka kipimo kikasoma namba moja kwa zote mbili. Kisha akavua kitambaa cha meza ya kahawa, akazifunika zote, akaacha nje swichi tu.

"Moja au mbili. Badilisha utakavyo. Uniambie ipi ni ya maelfu."

Tauno alisikiliza. Akabadilisha. Mwimbaji alipumua kwenye moja. Akapumua kwenye mbili. Alijibu mara kumi, na Fern akawa anaandika nyuma ya bahasha ya sadaka. Mwishoni alionyesha: amepatia tano.

"Tano kwa kumi," alisema mmoja wa waliosogeza viti, fundi umeme wa Kianishinaabe, yaani wa wenyeji wa asili wa nchi ile, aitwaye Clayton Moonias, mtu mnene mwenye kicheko cha tumboni. "Hata mbwa wangu angepata tano kwa kumi."

"Masikio yake ni ya kiwandani," alisema Ellery. "Si kosa lake. Nipeni mimi."

Alikaa. Alifumba macho. Alibadilisha kwa vidole viwili, kwa madaha, kama anayeonja mvinyo. Baada ya dakika mbili akainua mkono. "Hii. Namba mbili. Sina shaka. Kuna joto, kuna hewa, kuna upana. Huwezi kuniambia kitu hiki ni cha plastiki."

Fern alishika pembe ya kitambaa, akakivuta taratibu. Namba mbili ilikuwa ile sabuni.

Clayton alilala mezani kwa kicheko. Mtu mmoja alipaliwa na kahawa. Ellery aliangalia taa zake nne za chungwa zikiwaka kwa uaminifu bila kosa lolote, shingo ikamwiva, na kwa nukta chache hakuna aliyejua itakuwaje. Halafu akaanza kucheka na yeye, kwanza kwa pua, kisha kwa mabega, mpaka akatoa miwani akaifuta.

"Mke wangu asijue," alisema. "Nawaomba. Nilimwambia tofauti ni kama usiku na mchana."

"Usiku na mchana ipo," alimfariji Clayton. "Hii yako inamulika."

Tauno alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Tangu ukumbi uuzwe hakuwa amecheka hivyo. Si kwamba alifurahia kumwona mkubwa akianguka, ingawa alifurahia, tusimfiche. Alifurahia zaidi kwamba ngazi ilikuwepo. Mwimbaji yule yule, pumzi ile ile, kwa dola tisini na tano. Alitoa bahasha yake ya pesa.

"Nachukua, dada Fern. Kabla hawajapitisha sheria."

Alipokuwa akihesabu, jicho lake likaangukia kiti cha Clayton. Chini yake palikuwa na sanduku la bia lililojaa nyaya, na juu ya nyaya kitu cha chuma cha kijivu, kimekwaruzwa, kona moja imebonyea kama kilianguka ngazi.

"Na hicho?"

"Hiki? Amplifaya ya studio. Walipofunga redio ya Fern walivitupa hivi vyote nje, nikaviokota. Nimebadilisha vitu vya ndani. Sura mbaya, lakini ina nguvu ya kusukuma chochote. Mia na kumi."

"Sura mbaya kweli. Kwa nini ina matundu mawili mbele?"

"Moja la mtangazaji, moja la mgeni wake. Wanasikia kitu kimoja kwa wakati mmoja."

Tauno alisimama na noti mkononi. Neno la Irja, lile alilolikwepa jikoni, lilimrudia lote zima. Nguo kwenye kamba. Alikuwa karibu kwenda nyumbani na sauti safi kuliko zote, akakaa kitini, akafumba macho, akatikisa kichwa kama hawa, na mkewe akabaki ameegemea ukuta na soksi zake za sufu miguuni. Angekuwa hana tofauti na ile kamati ya ukumbi.

"Fern," alisema, "usinichukie."

"Sikuchukii. Pima kwanza."

Wakaipima. Wakafunika kitambaa tena, ya kijivu na ya sabuni. Tauno alipata sita kwa kumi, na Clayton akasema mbwa wake sasa amepitwa. Basi. Akatoa mia na kumi. Kwa ishirini na tano akaokota humo humo sandukuni hedifoni ya pili, nyepesi, ya sponji, iliyokuwa ya mtangazaji wa michezo. Nyaya mbili ndefu za mita tatu Clayton alimpa bure, kwa ajili ya kile kicheko.

"Jambo moja, mzee!" Fern alimwita alipokuwa akivaa koti. "Hizo hedifoni mbili si za aina moja, na kitufe ni kimoja. Moja ni ngumu kusukuma, nyingine ni laini, hupiga kelele upesi. Itabidi…"

Tauno aliitikia kwa kichwa na kutabasamu, kama anavyofanya kila kiziwi asiyetaka kusumbua watu, akapanda ngazi na kisanduku chake kifuani.

*

Saa kumi na moja jioni walikuwa wametoka sauna, mashavu mekundu, nywele zinatoa mvuke. Meza ilikuwa ukutani. Irja alikuwa amevaa gauni la bluu juu ya soksi za sufu, na alikizunguka kile kisanduku cha kijivu mara mbili.

"Kimegongwa na gari?"

"Kimefukuzwa kazi. Kama mimi. Njoo, dada yangu wa tango. Hizi za sponji zako, hizi kubwa zangu. Nimezihangaikia."

"Naona. Mgeni rasmi anapewa sponji."

Sifuri kwanza. Alirudisha sifuri, akamweleza Irja kwa nini, kwa sauti ya mtaalamu, akachomeka zote mbili. Nyaya ndefu zikalala sakafuni. Muziki ukaanza, Tauno akazungusha kitufe mpaka mbu akawa nyuki, nyuki akawa akodioni, na akodioni ikaanza kuwa…

Irja alipiga yowe, akatupa hedifoni kwenye kochi. "Unataka kuniua?"

"Nini? Ndiyo kwanza naanza kusikia!"

"Mimi nimesikia mpaka meno!"

Akapunguza. Irja akatabasamu, akaanza kuyumba, ah, hapo hapo, pazuri. Tauno hakusikia kitu. Mbu amerudi chupani. Akaongeza kidogo. Irja akakunja uso. Akaongeza tena. Irja akavua. Mara tatu walijaribu, mara tatu mmoja alikuwa anacheza na mwingine anateseka. Ndipo Tauno alipokumbuka mdomo wa Fern ukisema kitu, na yeye akikitikisia kichwa.

Alikaa kwenye mkono wa kochi. Aliilaani karatasi yote iliyotoka kwenye mashine ile, na msimamizi aliyefungia vizibo kabatini, na wenye jumba, na wanaotengeneza hedifoni ngumu na wanaotengeneza laini bila kuulizana. "Dola mia na thelathini na tano," alisema. "Nimenunua kitu cha kucheza mmoja mmoja."

"Umemaliza?" aliuliza Irja.

"Bado kidogo."

"Basi endelea, mimi naendelea na yangu." Akamvua zile hedifoni kubwa za mahameli kichwani, polepole, kama anavyomvua kofia yenye theluji. Akajivalisha yeye. Zile za sponji akamvika Tauno, moja sikio hili, nyingine sikio lile, akazibana vizuri. Kisha akainama, akazungusha kitufe juu.

Sponji zikafunguka kama mlango wa ukumbi uliojaa watu. Akodioni ilimpiga Tauno usoni, kubwa, isiyo na aibu, kama Jumamosi za ujana wake. Hakumsikia mwimbaji akipumua. Hakusikia fidla imekaa wapi. Alisikia tu kwamba ni tango, na ni kubwa, na inatosha. Akamtazama Irja ashike masikio. Hakushika. Kwenye zile ngumu, sauti ileile ilimfikia kiasi chake hasa, na alikuwa amesimama katikati ya sebule, mdomo wazi kidogo.

"Tauno," alisema, kwa sauti ya kusikika barabarani. "Anapumua!"

Tauno aliona mdomo tu, lakini alijua amesema nini. Mtu aliyefukuzana na sauti nzuri mji mzima kwa dola zake za mwisho angeweza kuona uchungu kuivua na kumpa mwingine. Yeye aliona kama ndiyo kwanza imefika. Mwenye wa kucheza naye asimwache akae kitini, maana viti vitupu vitakuja vyenyewe. Akanyoosha mkono wa kushoto, akamzungushia wa kulia kiunoni, wakaondoka.

Hatua mbili, kisha waya ukamnasa kisigino. Wakacheka, wakageuka upande mwingine, waya wa pili ukamzunguka Irja kiuno kama mkanda. Ilibidi kila mzunguko wa kulia ulipwe na mzunguko wa kushoto, la sivyo kisanduku kingewafuata sakafuni. Walijifunza. Soksi za sufu ziliteleza bila mlio. Hakuna sauti iliyotoka kwenye nyumba ile, hakuna hata ya kumfaa mtu wa usimamizi kuandikia mstari mmoja.

Ndivyo walivyodhani.

Kwenye wimbo wa nne Tauno aligeuza macho akamwona Odette Pelkey, jirani wa ghorofa ya pili, mjane wa mfanyakazi wa reli, amesimama ndani ya mlango na mwiko wa supu mkononi. Akasimama ghafla. Irja akamgonga kifuani. Wakavua hedifoni.

"Nimegonga mpaka nimechoka," alisema Odette. "Nikasukuma mlango. Nilidhani mnachinjana."

"Hatupigi muziki, Bi Odette," alisema Tauno haraka. "Angalia. Spika hakuna. Hatuna kosa."

"Muziki hampigi. Mnaimba."

"Sisi?"

"Nyinyi. Wote wawili. Kila mmoja na wimbo wake. Jumba zima linasikia."

Irja alijiziba mdomo. Tauno alihisi barua ya nne ikiteleza chini ya mlango. "Sasa utawaambia," alisema. "Kama ulivyowaambia zile mara tatu."

"Mimi?" Odette alimnyooshea mwiko. "Mimi niliwaambia nini? Mimi Jumamosi nilikuwa napikia supu kwa tango zenu! Mlipoacha, supu nayo ikaharibika, sijui nikoroge kwa mwendo gani. Na mimi nimeletewa barua, kwamba jirani amelalamikia mbwa wangu."

"Mbwa yupi?"

"Si ndiyo hapo! Sina mbwa tangu masika."

Walitazamana watatu. Kisha Irja alianza kucheka, na Odette akafuata, na Tauno, aliyekuwa na mengi sana ya kusema kuhusu watu wanaokaa ofisini kutunga majirani, aliyameza yote, akasema atayasema Jumatatu, kwa maandishi, na Odette atie sahihi pamoja naye.

"Nitatia," alisema Odette. "Leo chezeni. Ila ule wimbo wa mwisho mmekosea maneno."

"Huelewi Kifini, wewe."

"Miaka tisa nausikia kupitia dari. Maneno nayajua, maana yake ndiyo siijui. Chezeni bwana, supu inaungua."

Lakini hakwenda kwenye supu. Walipovaa hedifoni na kuanza tena, nyaya zikawafunga kwenye kona ya kwanza, na Odette akaweka mwiko juu ya televisheni, akaziokota zote mbili, akaziinua juu kwa mikono miwili kama anayebeba shela ya bibi harusi, akawa anazunguka nyuma yao, akisogea wakisogea, akigeuka wakigeuka. Yeye hakuwa akisikia chochote ila wazee wawili wakiimba ovyo. Wao hawakuwa wakimsikia yeye, aliyekuwa akiwapigia kelele kwa furaha, ubeti baada ya ubeti, namna maneno yanavyotakiwa kuimbwa.